Linta za Katoni

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Sironga tulipokuwa tukijenga shule, nyapara alinitupia rundo la katoni. Mnacheka, vijana, lakini miaka ya sitini mbao zilikuwa adimu. Tulikunja katoni ikawa sanduku refu, tukaipaka oili chafu isinywe maji ya zege, tukaifunga kwa kamba za mgomba, tukalaza nondo na kumwaga zege. Likikauka, unachana katoni, na linta ya kubeba ukuta juu ya dirisha iko tayari.

Sikuiamini hata kidogo. Mimi ni mtu wa kushuku, hata chai ya kukaribishwa naichungulia kwanza. Karatasi ishike zege? Thubutu!

Linta ya tatu tulipoiinua ilikatika. Ndani ilikuwa matundu matupu.

"Ulishindilia?" nyapara akaniuliza.

"Nilishindilia, bwana nyapara. Zege hili halina simenti. Muulize mtu wa stoo."

Mtu wa stoo alikuwa Omogaka Ombati, yaani Mzee Ombati kwa Kikisii chetu, Msabato wa maneno machache. Nilikuwa nikimshuku tangu mwanzo, maana alifunga stoo hata akienda msalani. Asiye na la kuficha hufunga nini?

"Sijaiba," alisema, basi. Akafutwa kazi mchana uleule, na kijiji kizima kikamwita mwizi.

Akaletwa mwingine. Safari hii nilisimama mwenyewe nikihesabu makarai ya simenti. Linta ikatoka na matundu yaleyale. Jamani! Nyani haoni kundule. Zege nilikuwa nikilishindilia kwa kijiti, taratibu, nikihofia katoni isije ikapasuka. Nikaizungushia udongo katoni iliyofuata, nikashindilia kwa nondo bila huruma. Ikatoka imara.

Sikumwambia mtu. Nyapara alinisifu, nikapelekwa Birongo, kisha Marani, nikawa nyapara mwenyewe. Kila mtu wa stoo niliyepewa nilimkagua mifuko ya koti.

Nilipostaafu, aibu ilinisukuma hadi kwa Omogaka. Nilimkuta akichuma majani chai, nikamweleza yote. Hakuacha kuchuma.

"Najua," akasema. "Nilikuwa mlangoni pa stoo. Nilikuona na kile kijiti chako."

"Mbona hukusema, Omogaka?"

"Nani angemwamini mwizi? Nilikungoja useme wewe."