Fundi wa Spika Asiyeisikia Herufi "S"

Saa nne asubuhi, Kavinya Mwangangi ameinamia kishikwambi kilichofunguliwa. Kioo kimelazwa kando juu ya taulo. Kwa ncha ya kadi ya plastiki anainua spika iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, anaipuliza vumbi, anairudisha mahali pake. Kisha anawasha sauti, anaweka vidole viwili juu ya spika na kufumba macho.

Hatua tatu kutoka kibanda chake, mafundi wa jua kali wa mtaa wa Kariobangi wanakata mabati. Kavinya hageuki.

"Inatetemeka upande mmoja," anasema. "Kuna hewa inatoroka huku nyuma."

Anakata kipande chembamba cha sponji kwa wembe, anakibandika kuizunguka spika na kukifunika kifaa. Mwenye kifaa, dereva wa lori anayeishi mtaa wa Pipeline, amesimama pembeni akisubiri. Alipokuja alilalamika kwamba mahubiri anayosikiliza yanatoka kama pasta amefungiwa ndani ya mkebe. Sasa anasogeza kifaa sikioni, anakubali kwa kichwa polepole.

"Sasa huyu pasta amekuwa mtu mzima," anasema, na kulipa.

Kavinya ana umri wa miaka arobaini na sita. Wateja humwita Mathe, yaani mama, wengine Mama Mbeti kwa jina la bintiye. Simu za kawaida huwaachia mafundi wenzake. Yeye hushughulika na spika, hasa za vishikwambi vyembamba, ambavyo anasema vina kasoro tangu vinapotoka kiwandani.

"Spika inataka nafasi nyuma yake, ipate pumzi," anaeleza. "Hizi wamezibana mpaka hakuna nafasi. Halafu matundu wameyaweka mgongoni. Ukilaza tableti juu ya meza, meza ndiyo inasikia, wewe husikii."

Siku nzuri hufungua vifaa saba au vinane, kwa malipo ya kati ya shilingi mia tatu na mia sita kila kimoja. Siku mbaya hufungua viwili, akashinda akipangusa meza.

Jambo ambalo wateja hawakulijua kwa karibu miaka kumi ni kwamba fundi huyu wa sauti hasikii vizuri.

Kavinya alitoka Mwingi akiwa msichana na kupata kazi katika kiwanda cha misumari eneo la Viwandani. Kwa miaka kumi na mmoja alisimama kando ya mashine iliyokata waya na kuponda vichwa vya misumari. Hakuna aliyewapa kitu cha kuziba masikio. Wafanyakazi walizungumza kwa kutazamana midomo, na Kavinya akawa hodari kuliko wote.

Siku moja akiwa nyumbani, bintiye Mbeti alimuuliza kwa nini haendi kuzima birika. Lilikuwa limepiga filimbi mpaka maji yakakaribia kwisha. Kavinya alikuwa ameketi mbele yake.

"Nilimwambia nilikuwa nawaza," anakumbuka. "Lakini nilijua. Nilikuwa nimeanza kukosa vitu vidogovidogo. Ndege. Mbu. Mbu alikuwa ananiuma bila kunipigia hodi."

Kiwanda kilipopunguza watu, alikuwa miongoni mwa walioachishwa. Binamu yake Mbaluka, aliyekuwa akitengeneza redio Kariobangi, alimpa kiti na bisibisi. Huko Kavinya aligundua kwamba vidole vyake vilielewa sauti. Akigusa spika ya redio aliweza kusema imepasuka wapi, ikiwa imelegea au imejaa vumbi. Mbaluka aliporudi Kitui, alimwachia kibanda.

Hakumwambia mtu yeyote kuhusu masikio yake. "Utapeleka gari kwa fundi asiyeona barabara?" anauliza. "Nilinyamaza. Mteja akiongea namtazama mdomo, kazi inaendelea."

Machi mwaka jana, mwanamke aliyevaa sweta ya kijani alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda, akapapasa ukingo wa meza kwa fimbo yake nyeupe na kusalimu. Alikuwa Marion Wabwire, mwalimu asiyeona, mzaliwa wa Busia. Alifundisha watu wazima waliopoteza uwezo wa kuona, katika ukumbi wa kanisa moja huko huko Kariobangi.

Wanafunzi wake walikuwa tisa. Walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuajiriwa katika kampuni inayopokea simu za wateja. Mfadhili alikuwa amewaletea vishikwambi tisa vinavyosoma maandishi kwa sauti, vyembamba, vya kupendeza mkononi. Tatizo ni kwamba ndani ya ukumbi ule, kelele za mabati zikiwa nje, havikusikika.

Kavinya alimuuliza kwa nini wasitumie vipokea sauti vya masikioni.

"Mtu asiyeona ukimziba masikio umemfungia ndani," Marion alimjibu. "Hajui nani ameingia, hajui nimemwita. Na mimi lazima nisikie anachosikia ndiyo nimsahihishe. Nataka sauti itoke kwenye kifaa chenyewe, Fundi."

Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Kavinya alifungua vifaa vyote tisa, akaziba nyuma ya kila spika kwa sponji, akageuza njia ya sauti itokee ubavuni. Kwa kuwa ukumbi ulijaa vumbi la chuma, alibandika pia kitambaa kizito juu ya matundu, kama alivyozoea. Aligusa kila spika kwa vidole. Zote zilitetemeka kwa nguvu, bila kukwaruza. Alivipeleka vifaa Ijumaa akiwa ameridhika kabisa.

Jumanne iliyofuata Marion alirudi na kimoja mkononi.

"Sauti imekuwa kubwa," alisema. "Lakini imekuwa mbaya kuliko mwanzo."

Mwanafunzi wake mmoja, Kitonga, mzee wa miaka hamsini na minane aliyekuwa mchongaji wa vinyago kabla ya kupofuka, alikuwa ameandika "fika" mahali palipotakiwa "shika." Kaluki, aliye mdogo kuliko wote, aliandika nambari ya simu ikiwa imekosewa mara nne mfululizo. Mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu, na makosa ya namna hiyo ndiyo yanayomwangusha mtu.

Kavinya aliwasha kifaa, akaweka vidole juu yake. "Mwalimu, hii iko sawa."

"Hebu sikiliza tena." Marion alibonyeza, kifaa kikatamka neno moja. "Kimesema nini?"

"Fika."

"Kimesema shika."

Marion alibonyeza tena, kisha akasema jambo jingine. Lakini watu wasioona huelekeza sikio kwa wanayezungumza naye, si uso. Alikuwa amegeukia barabara, na Kavinya hakuuona mdomo wake. Alikisia. Alijibu kwamba kazi ile ingechukua siku mbili.

Marion alikizima kifaa. Kisha akamgeukia, uso kwa uso, na kusema taratibu: "Nimekuuliza jina lako kamili, Fundi. Umenijibu siku mbili."

Mteja mwingine alikuwa amesimama hapo, mwanamume wa mtaa wa Fedha aliyeleta kishikwambi cha mtoto wake. Kavinya angeweza kusingizia kelele za mabati. Alikuwa amezisingizia mara nyingi.

"Sisikii hiyo herufi," alisema. "S, sh, f. Kwangu zote ni upepo. Nilifanya kazi kiwandani. Nimekutengenezea kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukijua."

Mwanamume wa Fedha alichukua kifaa chake mezani, akasema atarudi baadaye. Hakurudi.

Marion naye alikuwa na haki ya kukasirika, na anakiri kwamba alikasirika. "Nilikuwa nimemkabidhi mkate wa watu tisa," anasema, akiwa ameketi katika ukumbi wake wenye viti vya plastiki. "Nilitaka kuchukua vifaa niondoke. Lakini nilijiuliza, nitavipeleka wapi? Mafundi wengine wawili walikuwa wamevigusa kabla yake, hawakubadilisha chochote. Huyu angalau sauti aliipata. Nusu ya kazi alikuwa ameifanya vizuri."

Alivuta kigoda, akaketi. "Basi tuifanye pamoja," alimwambia. "Wewe gusa, mimi nisikilize."

Walianza na kitambaa. Kavinya alikibandua, Marion akasikiliza na kusema papo hapo kwamba herufi zimerudi. Kitambaa kizito kilikuwa kimepitisha mtetemo wote ambao vidole vilitaka, na kumeza sauti nyembamba ambazo vidole havikuzijua. Lakini bila kitambaa vumbi la chuma lingeingia ndani ya wiki moja. Walijaribu chachi ya hospitali. Walijaribu kipande cha neti ya mbu. Mwishowe Kavinya alikata soksi ndefu ya Mbeti, ile nyembamba ya kuvalia kanisani, akaivuta ikakazika juu ya matundu.

"Rudia," Marion alisema. Kisha: "Rudia tena. Hiyo ndiyo."

Walifanya hivyo alasiri sita. Kila kifaa kilikuwa na tabia yake. Wakati mwingine Kavinya alisema spika imelegea na Marion hakusikia kitu, lakini kikifunguliwa ilikutwa kweli imelegea. Wakati mwingine Marion alisema kuna mluzi unaokera, na Kavinya akaketi mbele ya mluzi huo bila kuusikia, akibadilisha sponji mpaka aambiwe umekoma.

"Ilikuwa ngumu kwangu," Kavinya anasema. "Kuambiwa kuna kitu hapa mbele yako, wewe hukioni, hukisikii, lakini kitoe. Nikamuuliza yeye anaishije hivyo. Akaniambia, 'Nauliza watu.' Basi."

Wanafunzi saba kati ya tisa walifanya mtihani, wawili waliahirisha. Wanne waliajiriwa, Kaluki akiwa mmoja wao. Sasa anajibu simu za wateja siku tano kwa wiki. Kitonga aliangushwa na alama chache na anasubiri nafasi nyingine. Anasema hakushindwa kwa sababu ya kusikia. "Niliandika polepole," anaeleza. "Vidole vyangu vimezoea kushika patasi."

Habari za masikio ya Kavinya zilienea haraka. Kwa miezi miwili wateja walipungua hadi akafikiria kurudi Mwingi. Fundi mmoja jirani aliwaambia watu kwamba kupeleka spika kwake ni sawa na kumpikia asiye na ulimi. Kavinya aliomba Marion amruhusu kupeleka kila kishikwambi ukumbini baada ya masomo, wanafunzi wakisikilize kabla mwenyewe hajakichukua. Huwalipa shilingi hamsini kwa kila kifaa. Mteja huambiwa wazi: mimi nitatengeneza, kuna watu watakaosikiliza.

Wengine walicheka. Wengi walirudi, hasa walipoona kwamba kifaa kikitoka hapo hakirudi tena kwa kosa lile lile. Dereva wa lori wa asubuhi alielekezwa na jirani yake.

Mbeti, ambaye sasa ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyemshika mama yake mkono mwezi wa Februari na kumpeleka kupimwa kwa mara ya kwanza. Daktari aliwaonyesha mchoro: mstari uliokwenda sawasawa, kisha ukaporomoka ghafla upande wa sauti nyembamba. Kilichopotea hakitarudi, aliwaeleza, lakini kifaa cha kuvaa sikioni kinaweza kumsaidia kuzifikia baadhi ya sauti hizo. Kavinya ameandikiwa arudi Agosti kufungiwa cha sikio la kulia. Mbeti anasaidia kulipa.

Anaulizwa kama anafurahi. Anaifunga chupa ya gundi, anaiweka wima.

"Naogopa," anasema. "Kuna tableti nilizotengeneza miaka yote hii na kuzibandika kitambaa kile. Ziko Umoja, ziko Pipeline, watoto wanasomea. Watu walinilipa wakaniambia asante. Sasa nikianza kusikia, nitajua niliwapa nini."

Ana mpango. Chini ya meza ameweka daftari lenye nambari za simu za wateja wa zamani, alizoanza kuzikusanya kutoka kwenye simu yake. Mpaka sasa ni mia moja na sitini na nne. Akishafungiwa kile kifaa, anataka kuwapigia mmoja mmoja na kuwaomba wavilete vishikwambi vyao avifungue upya, bila malipo.

"Nataka niwapigie mwenyewe," anasema. "Nimsikie mtu akiniambia haisikiki vizuri, na nijue anaongea kuhusu nini."