Kiuno cha Ishirini na Sita

Domitila Huamaní aliuza jinzi za kike katika ghorofa ya pili ya jengo moja la Gamarra, mjini Lima, na ujia mzima haukuwa na mdomo mtamu kama wake. Futi ilining'inia shingoni mwake kutwa, lakini ilikuwa pambo tu. Mteja akiingia, Domitila alimtazama mara moja kuanzia kifundo cha mguu hadi begani, akamchomolea suruali, na suruali ikamkaa.

Mambo yaliharibika, au yalinyooka, itategemea unamuuliza nani, siku karakana ilipomletea mzigo wenye lebo zilizokosewa. Suruali za thelathini na nne zilikuwa zimeshonewa lebo ya thelathini. Domitila hakuligundua hilo mpaka mwalimu mmoja mnene alipoingia nazo nyuma ya pazia, akatoka analia.

"Imekubana, mamangu?"

"Imenikaa!" Mwalimu akajigeuza, akaonyesha kiuno. "Hebu soma hapa. Thelathini! Mara ya mwisho kuvaa thelathini nilikuwa sijaolewa!"

Ukweli ulimfika Domitila kwenye ncha ya ulimi. Akautazama uso wa yule mwanamke, ulivyong'aa kama sufuria mpya, akaumeza ule ukweli pamoja na mate.

"Nilikuona tu ukiingia," akasema. "Nikajisemea, huyu ni thelathini, watu wanamsingizia."

Mwalimu alinunua tatu. Jumamosi akarudi na dada zake, nao wakaja na mashoga zao. Domitila akaenda karakana upesi, si kulalamika, bali kuagiza makosa mengine.

Ng'ambo ya ujia alikuwapo Zoraida Ccallo, mwenye jino la dhahabu na wivu usiolala. Naye aliuza jinzi. Alipoiona foleni kwa mwenzake, alimtuma shangazi yake akamnunulie suruali moja, akaipima, akacheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata, thelathini na nne yake iliitwa ishirini na nane.

"Jirani!" Domitila akamwita. "Naona kwako watu wanakonda kwa kupita mlangoni tu. Umeweka dawa gani?"

"Siweki dawa, shoga. Kwangu nguo zinasema kweli. Huko kwako ndiko walikokuwa wakineneshwa bure."

Domitila akashuka hadi ishirini na sita. Wanawake wa Gamarra waliendelea kula viazi vya kujazwa nyama na mishikaki ya moyo wa ng'ombe kama kawaida, na kila mwezi walikonda zaidi kwa namba. Msichana mwembamba kwelikweli akija, hakukuwa na namba ya kumtosha. Alielekezwa ghorofa ya juu, kwenye nguo za watoto. Mume mmoja, mtu mwema, alitaka kumshtukiza mkewe kwa zawadi. Aliikariri namba kwenye suruali ya mkewe iliyotoka kwa Zoraida, akainunua namba hiyohiyo kwa Domitila. Kesho yake aliirudisha, shavu lina alama za kucha.

"Imempwaya," alisema kwa unyonge. "Ananiuliza huyo mnene ni nani."

Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Domitila alianza kuvaa suruali zake mwenyewe. Mwanzoni kila alipoisoma lebo asubuhi alicheka, kwa kuwa uongo ule aliuagiza yeye. Baadaye akawa anatabasamu tu. Mwaka wa pili alikuwa hacheki wala hatabasamu. Alikuwa ishirini na sita.

"Mimi mwili wangu haushiki mafuta," alimwambia mumewe, Wenceslao, huku akijiongezea wali. Wenceslao, ambaye ndoa ilikuwa imemfunza mengi, alimsogezea bakuli.

Kisha binti yao Yesenia akapata mchumba. Nguo ya mama wa bibi harusi ingeshonwa na Fortunata, dada mkubwa wa Domitila, fundi huko Huancayo. Fortunata akapiga simu.

"Nitumie vipimo, mdogo wangu. Kifua, kiuno, nyonga."

"Andika ishirini na sita, basi."

"Domi, kwenye msiba wa mama ulivaa sketi yangu, ikakataa zipu. Na mimi si ishirini na sita."

"Ule ulikuwa uvimbe wa huzuni."

"Chukua futi ujipime, nakungoja."

Domitila akaivua futi shingoni, akajizungushia, akaangalia. Akaizungusha tena, safari hii akiwa amebana pumzi. Futi ilishikilia msimamo wake.

"Futi yangu imerudi," akasema. "Niliisahau mfukoni, ikafuliwa."

"Futi hairudi, Domi."

"Hii imerudi! Andika ishirini na sita, dada, au nimtafute fundi mwingine."

Fortunata ni mtu wa kuamini kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Akaandika ishirini na sita.

Asubuhi ya harusi Fortunata aliteremka kwenye basi na nguo yake: mahameli ya kijani, mikono mirefu, shanga kifuani. Domitila alipiga kigelegele, akaivaa kupitia kichwani. Ikapita kichwa. Ikapita mkono mmoja. Ikakwama.

Alisimama katikati ya chumba, mkono mmoja juu, kama mwanafunzi anayejua jibu. Yesenia, naye yumo ndani ya shela, aliivuta chini. Wenceslao, kwa kutoelewana, aliivuta juu. Fortunata alikaa kitandani akila mkate.

"Mpimeni sasa," akasema.

"Msinipime mbele ya watu!" Sauti ilitoka ndani ya mahameli.

"Mama, padri anasubiri."

Mle gizani Domitila alilia kidogo. Hakuililia nguo. Alimlilia yule mwanamke wa ishirini na sita aliyeishi naye miaka miwili, wakapendana sana, na leo alikuwa anaondoka bila hata kuaga.

"Haya," akasema hatimaye. "Nipimeni."

Fortunata akainuka, akampima, wala hakuitaja namba. Alifungua mkoba wake akatoa nguo nyingine, mahameli yaleyale, shanga zilezile.

"Nilishona mbili," akasema. "Moja ya namba yako, moja yako."

Ile ya pili ilimkaa kama maji kwenye mtungi. Domitila alicheza hadi viatu vikamshinda, na Zoraida, aliyealikwa kwa ajili ya ujirani, alimzunguka mara mbili akitafuta kasoro, akakosa.

Jumatatu Domitila alifungua duka akiwa ameokoka. Alikuwa ameshona lebo za kweli kiunoni mwa kila suruali. Mteja wa kwanza alikuwa yule mwalimu.

"Thelathini na nne? Hii ya nani?"

"Yako, mamangu. Siku zote hizo nilikuwa nakudanganya."

Mwalimu akamkazia macho kwa uchungu. "Hapana. Unanidanganya leo." Akavuka ujia. Zoraida alimpokea kwa kumbatio, jino lote nje.

Hadi mchana hakuna aliyeingia. Domitila alikaa kwenye kigoda akifikiri. Kurudi kwenye namba za uongo hakuweza tena, maana sasa angejua. Kesho yake akazing'oa namba zote, akazipa suruali majina ya maua. Ndogo ziliitwa Asumini, za katikati Waridi, kubwa Alizeti. Nani atagombana na ua?

Siku nne ilikuwa raha. Siku ya tano akaingia mke wa mwoka mikate, mwanamke wa kujaza mlango, akaitupa suruali mezani.

"Umeniandikia Alizeti."

"Ua zuri hilo, mamangu. Linatazama jua."

"Muulize yeyote mtaani kwetu. Mimi ni Asumini tangu nizaliwe."

Domitila alimtazama mara moja, kuanzia kifundo cha mguu hadi begani. Akavuta pumzi, akaichukua suruali, akaanza kutafuta mkasi wa kufumulia lebo.