Noreen Alipofagia Rafu

Mji mzima wa Burnley, Uingereza, hakuna aliyeijua rafu ya stika za njano, ile ya vyakula vinavyouzwa rahisi kabla havijapitwa na muda, kama Noreen Entwistle, na wala yeye hakujificha. Kila Alhamisi jioni, Shabnam, mfanyakazi wa dukani, alipotoka kule nyuma ya supamaketi na kimashine chake cha kupunguzia bei, Noreen alikuwa keshasimama mahali pake karibu na friji la maziwa, kikapu mkononi, anajifanya anasoma maandishi ya kopo la maharage. Ndiyo adabu yenyewe hiyo. Hukodoi macho, unajitia unapita tu.

Adabu nyingine zote yeye ndiye aliyewafundisha watu. Humsogelei Shabnam mpaka amalize na arudi nyuma. Hupenyezi mkono chini ya kwapa la mwenzio. Unachukua kimoja cha kila aina, na ukipata cha pili unampa aliye pembeni yako. Kuna bwana mmoja aliwahi kukumba mikate yote akaijaza kwenye toroli. Noreen akamuuliza kwa upole, mbele za watu, "Baba, una harusi?" Bwana yule hakuonekana tena pale dukani.

Aliye pembeni yake siku zote alikuwa Glenda. Akipata huyu pai mbili, ya pili ya mwenzake, kisha moja kwa moja nyumbani kwa Glenda, chai inatengwa, vitu vinamwagwa mezani, wanacheka mpaka mbavu zinauma. Tangu Noreen afiwe na mumewe, wiki yake yote ilikuwa hiyo Alhamisi.

Ndipo akaja huyo Rosalind. Alihamia jirani na Glenda baada ya Pasaka, na skafu yake ya hariri na sauti yake laini ya kubembeleza watoto.

"Noreen, shoga, huyu jirani yangu," Glenda alisema. "Mfundishe taratibu zetu."

Noreen akamfundisha, huku anatabasamu meno tu. Mwanafunzi mwenyewe akashika upesi mno. Haukupita mwezi akawa anasimama katikati, Noreen kushoto, Glenda kulia, kama aliyezaliwa pale. Na jioni moja Glenda alipopata pai mbili za kuku, mkono wake ukaenda kwa Rosalind. Hata hakufikiri, mkono ulijiendea tu. Noreen aliona.

"Si unakuja kunywa chai?" Glenda akamuuliza walipofika nje.

"Kichwa kinaniuma."

"Kimeanza lini?"

"Sasa hivi. Nendeni, nyie mna mengi ya kuongea."

Wiki nzima wivu ulimla. Akimenya viazi, anamwona Rosalind amekaa kwenye kile kiti chenye mto wa maua, kiti chake yeye, anachekeshwa na Glenda. Akipiga pasi, anawasikia wakimteta. "Ana nini yule?" alimuuliza paka wake. "Skafu?" Paka akajilamba, akaondoka zake.

Alhamisi iliyofuata Noreen hakuchukua kikapu. Alichukua toroli. Shabnam alikuwa bado anabandika stika ya mwisho Noreen alipojitosa, akipitisha mkono chini ya kwapa la Shabnam, akikumba pai za kuku, pai za nyama, soseji na keki za krimu zote, asiangalie hata anachokichukua. Alichotaka ni kimoja tu: Glenda asipate cha kumpa yule mwanamke.

"Bi Noreen," Shabnam akasema taratibu, "sijamaliza, mama."

"Umemaliza."

Watu wakamwachia nafasi pana kuliko aliyoihitaji. Nyuma yao sauti ya mzee mmoja ikasema, bila hasira yoyote, "Bibi, una harusi?"

Hakuna aliyecheka. Glenda aliitazama toroli, kisha akainamisha macho. Rosalind akanyoosha mkono mpaka mwisho wa rafu, akatoa pai ndogo moja iliyobonyea ambayo Noreen hakuiona, akamshukuru Shabnam.

Nyumbani, friza ilijaa hata haikufungika. Pai zilizobaki zilipangana mezani, zote za kuliwa siku hiyo hiyo, na mlaji ni mmoja, naye hana hamu. Noreen alikaa akizitazama, uso unamwaka kwa aibu. Mwishowe akazirudisha mifukoni, akavaa koti, akaenda.

Glenda alimfungulia mlango. Mezani palikuwa na ile pai iliyobonyea, imekatwa vipande vitatu. Viwili vilikuwa vimeshaanza kuliwa. Cha tatu kilifunikwa kisahani, mbele ya kiti chenye mto wa maua. Rosalind alikuwa amekalia kigoda cha jikoni, magoti yamemfika kidevuni.

"Mimi nilisema hutakuja," Rosalind akamwambia. "Yeye akasema utakuja tu."

Noreen alitazama kigoda, akatazama kiti. "Mbona umekaa hapo chini?"

"Kile hataki nikikalie. Tangu siku ya kwanza ananiambia kina mwenyewe."

Mifuko ikamlemea Noreen mikononi, akawa hajui pa kuiweka.

"Kaa basi," Glenda akasema. "Inapoa."

Akaiacha mifuko palepale mlangoni, akakaa, akafunua kisahani. Kipande kilikuwa kidogo sana, na ilimchukua muda mrefu kukimeza.