Gari Linalopona Lenyewe

Kwa kawaida kinyozi ndiye humwambia mteja atulie. Kwenye kibanda cha kinyozi huyu mambo yalikuwa kinyume. Akishafika nusu ya kichwa, huiweka mashine chini, atoke mlangoni kuona nani anapita, arudi, apanguse kioo, asogeze kiti kidogo, ndipo aendelee. "Tulia basi, kinyozi," wateja walimwambia, mpaka neno likageuka jina. Hata mkewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwao, alimwita Tulia, naye aliitika bila kuona kichekesho kilipo.

Mtu wa namna hiyo akitaka gari, hulitaka leo. Kaka yake mkubwa, dereva wa malori, alimwonya mapema.

"Gari lililotumika ukaliangalie asubuhi," alimwambia. "Mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ukiikuta ya moto, jiulize kwa nini alitaka kuliwasha usipokuwepo. Na ukikuta injini imeoshwa ikang'aa, itilie shaka, maana panapovuja mafuta hapaonekani tena. Halafu muulize anauza kwa nini. Ila bora unisubiri Jumapili, twende wote."

Tulia akaitikia, sawa kaka. Lakini Jumapili ilikuwa mbali. Alikwenda siku ileile jua likiwa utosini, akakuta boneti ya moto na injini inang'aa kama kichwa alichokinyoa mwenyewe. Muuzaji, mwanamume mpole aliyevaa shati lililopigwa pasi, alimwachia alizungushe mtaani. Gari likaenda kama maji. Jioni lilikuwa limeegeshwa mbele ya baraza.

"Umemsubiri kaka yako?" mkewe aliuliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Nitamwonyesha akirudi."

"Haya," alisema mkewe. Haya ile ilikuwa na mengi ndani yake.

Visa havikukawia. Kwenye mitaa ya karibu gari lilikuwa na adabu zake. Likitolewa barabara kuu na kukimbizwa kidogo, linaanza kukohoa, linaishiwa nguvu, linazima. Tulia alikuwa akiruka nje kabla halijasimama sawasawa, boneti juu, mikono ndani hadi viwikoni. Mara ya kwanza alichomoa plagi, akazisugua moja moja, akazirudisha, na gari likawaka. Akasema, nimekupata, ni plagi. Akanunua mpya. Lilipozima tena akakaza nyaya za betri, likawaka. Kumbe betri. Baada ya betri ikawa koili, baada ya koili ikawa chujio la petroli. Kila alichokigusa kiligeuka dawa, mpaka safari iliyofuata.

Jambo moja tu alilishika. Kila akitoka kujaza petroli, gari lilikwenda vizuri kitambo kabla ya kuanza tena. Akaamua kwamba vituo vya jirani vinauza petroli chafu, akawa anakatiza mji mzima kwenda kujaza kituo kimoja cha upande wa pili.

Kaka alirudi, akazunguka gari mikono nyuma.

"Umebadilisha nini na nini?"

"Vyote vinavyobadilika."

"Basi hata likipona hutajua kilicholiponya. Badilisha kimoja, endesha, tazama. Bado? Cha pili, endesha, tazama."

"Nani ana muda huo, kaka?"

Kaka hakubishana. Alikuwa na mzigo wa kupeleka, akaondoka.

Tulia alibaki na gari kichwani. Alikula akilisikiliza, alilala akilisikiliza. Kibandani alimnyoa mwalimu mmoja mstari wa kisogoni ukaenda mrama, na mwalimu akatoka amevaa kofia. Nyumbani alikuwa akiinuka katikati ya maneno ya mkewe, anatoka nje, anafungua boneti, anatazama tu, anafunga.

"Hilo gari lina ugonjwa," mkewe alimwambia, "lakini si peke yake."

Siku hizo mama mkwe wa Tulia alikuwa amelazwa katika hospitali ya mji wa jirani. Aliteleza bafuni, akavunjika mguu. Walipopiga simu kwamba anaruhusiwa kwenda nyumbani, mkewe alikuwa na rundo la sare za shule zinazosubiriwa.

"Kodi teksi ukamlete," alimwambia mumewe.

"Gari si tunalo?"

"Tunalo, ndiyo," alisema mkewe, akarudi kwenye sindano.

Wakati wa kwenda lilizima mara moja tu. Tulia akakazakaza vitu, likawaka, akafika. Wakati wa kurudi mama mkwe aliketi nyuma kiupande, mguu wenye plasta umenyooshwa juu ya kiti, magongo chini. Walikuwa wameuacha mji nyuma kikohozi kilipoanza. Gari likajikokota hadi ukingoni mwa barabara, kimya. Tulia akashika mlango.

"Unakwenda wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Kufungua boneti, mama."

"Kila ukiinuka gari linatikisika, na mguu huu unaniuma hadi kwenye meno. Keti kwanza, mwanangu. Ngoja upoe."

Mkwe ni mkwe. Tulia akaketi. Vidole vikaanza kupiga ngoma kwenye usukani, akavikunja. Goti likaanza kuchezacheza.

"Na hilo goti," ikasemwa nyuma.

Akalishika kwa mikono miwili. Malori yalipita na kulitikisa gari, na kila likitikisika mama mkwe alivuta pumzi kwa ukali. Alimuuliza habari za binti yake, akajibiwa ndiyo mahali pa hapana. Tulia alikuwa anaungua ndani. Hakuwahi kukaa hivyo, kitu kibovu mbele yake na mikono mitupu.

"Sasa angalau umepoa," alisema mama mkwe hatimaye. "Jaribu."

Alizungusha ufunguo kwa kumridhisha tu. Gari likawaka hapohapo.

"Mbona hukufanya kitu?" mama mkwe aliuliza, kama anayelalamika.

"Sijafanya kitu," Tulia alisema polepole.

Akaendesha huku mambo yanapangana kichwani. Kusugua plagi kulichukua muda. Kukaza nyaya kulichukua muda. Kumbe muda wote ule gari lilikuwa linapona lenyewe, na yeye anajipa sifa. Sasa alikuwa akiomba lizime tena. Na kweli, mbele kidogo likakohoa, likazima.

"Mama, samahani, hapa lazima nishuke."

"Shuka taratibu."

Hakwenda kwenye boneti. Alisimama akajiuliza: kituoni mimi hufanya nini kabla ya petroli kuingia? Nafungua kifuniko. Akazunguka nyuma, akakifungua kifuniko cha tanki. Hewa ikavutwa ndani, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua akaachiwa. Akarudi kwenye usukani bila kusubiri hata kidogo, akazungusha ufunguo. Likawaka.

Kifuniko hakikuwa cha gari lile, na hakikuwa na kijitundu cha kupitishia hewa. Kadiri petroli ilivyotoka tankini, hewa haikuingia kujaza nafasi yake, tanki likabana, na petroli ikagoma kuja. Likiachwa, hewa hujipenyeza kidogo kidogo. Alikirudisha bila kukikaza, na gari halikukohoa tena. Aliyekohoa ni mama mkwe, akilalamikia harufu ya petroli hadi nyumbani.

Kesho yake alinunua kifuniko chake halisi, kisha akaenda moja kwa moja kwa muuzaji.

"Ulijua linazima?"

"Nilijua," alijibu yule mtu kwa upole wake uleule. "Mafundi wamelishindwa. Ndiyo maana nikaliuza."

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza, ndugu yangu. Na ulikuwa na haraka."



Wiki kadhaa baadaye waliondoka wote watatu kumpeleka mama mkwe akaangaliwe mguu. Gari lilipanda kilima bila kikohozi. Mkewe, kando yake, alikuwa ameanza kusinzia pale Tulia alipopunguza mwendo na kuinamisha kichwa.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu," alisema mkewe bila kufumbua macho. "Endesha."



"Upande wangu huku kuna kitu kinagonga," mama mkwe alisema. "Hasa ukikata kona."

"Mama, tafadhali, usimtie moyo."

Lakini Tulia alikuwa ameshawasha taa ya kuegesha, na mkono wake mmoja ulikuwa mlangoni.