Nilinunua fonderi nzima ya Moba, nikaacha mchanga

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilivunja kalibu, na helisi ya kwanza, yaani rafadha ya boti, ya fonderi yangu mpya ikatoka na vitobo kama mkate uliozidi hamira.

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko Kalemie, nina fonderi, yaani karakana ya kusubu alminiumu. Haya yamenipata mwenyewe, na chumvi nimeiacha jikoni.

Kwa wasiojua kazi hii: tunakusanya pistoni mbovu na injini zilizokufa, tunayeyusha, tunamimina kwenye umbo lililochapwa ndani ya mchanga wenye unyevu. Ikipoa, unavunja mchanga, unatoa chombo. Mchanga uleule unatumika tena kesho. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kutazama, na kwa kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada.

Nilianza na sufuria. Jirani yangu mwenye fonderi alipohamia Lubumbashi nilinunua yake, nikaendelea kufanya kazi palepale pake. Ikaenda vizuri. Nikajiona najua kununua fonderi.

Kisha Papa Kisimba wa Moba, fundi wa helisi za boti, akataka kupumzika. Boti za ziwa letu huvunja helisi kwenye mawe, na wengi walikuwa wanaagiza mpya Kigoma. Nikaweka rehani parseli yetu, yaani kiwanja, nyumba ikiwa juu yake, nikanunua vyombo vyake vyote: tanuri, feni, vyungu vya kuyeyushia, modeli za mbao. Nikapakia kwenye boti hadi Kalemie.

Mama Zawadi, mwenye boti za mizigo, alikuwa ameniagiza helisi kumi na mbili. Alisema wazi: asipoona ya kwanza kabla ya mwisho wa mwezi, anaenda Kigoma. Bila oda yake nisingeweza kulipa deni, na parseli ingekwenda.

Mke wangu alijua. Aliacha kupanda lengalenga, mchicha wetu, uani.

Sasa turudi kwenye vitobo.

Nilibadilisha kitu kimoja kimoja, maana ukibadilisha viwili kwa pamoja hujui kipi kimekuponya. Nikabadilisha pistoni. Vitobo. Nikapunguza moto. Vitobo. Nikamwita fundi aliyefanya kazi na Papa Kisimba, akapiga kalibu kwa mkono wake. Vitobo.

Ikabaki mchanga.

Mchanga wangu ulikuwa wa sufuria, wenye chembe kubwa. Sufuria ni nene, inavumilia. Panga la helisi ni jembamba: kingo za kalibu zilikuwa zinamomonyoka, chembe zinaingia ndani ya metali. Nilijaribu kuongeza udongo wa mfinyanzi. Ukashika vizuri, ila mvuke ulikosa pa kutokea, metali ikachemka mle ndani.

Ndipo nikakumbuka kiwanja cha Papa Kisimba, na lile rundo jeusi, laini kama unga, lililokaa pembeni wakati sisi tunabeba tanuri. Mchanga wa miaka yote ya kazi yake. Hakuna aliyeutaja, yeye wala mimi.

Nikapanda boti kwenda Moba.

Nilimkuta Papa Kisimba ameketi. Mkwewe alikuwa anajenga, na muashi alikuwa tayari amefungua mfuko wa simenti kando ya rundo lile.

"Papa, ule muchanga nauomba."

Akanitazama sana. "Muko na ziwa nzima kule Kalemie, unakuja kuniomba muchanga?"

Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba mchanga ule una udongo na masizi, ukuta wake hautasimama. Kwamba nitamletea mkwewe mchanga safi wa mto, mara mbili ya huo.

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Njo vile: ulinunua ng'ombe, sasa unarudia kamba. Beba."

Bandarini Kalemie wapakuzi walipofungua mfuko wa kwanza, kazi ilisimama. Mmoja akawaambia wenzake, "Muangalie Papa Muchanga. Kesho ataleta maji."

Niliwalipa, nikaenda zangu.

Helisi iliyofuata ilitoka laini, mwezi ukiwa bado haujaisha. Nikaigonga kwa nyundo ndogo, ikalia kama kengele ya misa. Mama Zawadi aliifunga kwenye boti yake, akaenda Moba na kurudi na mzigo, akaikagua kwa kidole, panga baada ya panga. Hakunisifu. Alisema tu, "Tia zile zingine kumi na moja."

Siku hizi wenye boti wa upande wetu wanaagiza kwangu. Baada ya hapo nimenunua fonderi ya Kabalo na ya Nyunzu, na mara zote mbili nimeanza kwa kuuliza mchanga. Yule wa Kabalo alinihurumia, akanipa bure. Mlangoni nimeandika kwa rangi: KWA PAPA MUCHANGA.

Nilichojifunza: mwenye kazi hukuuzia anachokijua kuwa mali. Kile alichokizoea mpaka hakioni tena, lazima ukitafute mwenyewe.

Waliowahi kununua kazi ya mtu, waseme walisahau nini. Nitasoma yote.

Deni nimemaliza, uani lengalenga limeota. Thamani ya parseli iliyookolewa na rundo lile: dola elfu tisa.