Mfalme Asiye na Mke

Jina la kuzaliwa la kinyozi wa pale kona limeshasahaulika. Watu wanamwita Fupisha, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Ukianza kumsimulia ulivyogombana na mwenye nyumba wako, kabla hujafika hata mlangoni kwa huyo mwenye nyumba utasikia, "Fupisha, mzee." Si kwamba ana roho mbaya, hapana. Ni mtu wa kupunguza tu. Nywele anapunguza, chai hanywi kikombe kizima, na salamu kwake ni kupandisha nyusi. Zikishuka ujue mmeshajuliana hali. Kitu pekee ambacho hajawahi kukipunguza ni kishungi cha ndevu kidevuni, kwa sababu mkewe aliwahi kukisifu zamani.

Chumba chake cha kazi kimegawanywa kwa ubao mwembamba. Upande mmoja yuko yeye na mashine zake, kioo kirefu, viti viwili na runinga juu ukutani. Upande wa pili yuko mkewe, msusi, na vitana vyake, mafuta, na mafungu ya nywele za bandia yanayoning'inia kwenye misumari. Ubao wenyewe haufiki darini, kwa hiyo kinachosemwa huku husikika kule bila kupotea hata neno.

Sasa huyu bwana alikuwa na ugonjwa mmoja: zile filamu nne za mfalme mzee anayekwenda kulirudisha jua lililoibwa na majitu. Alizinunua zote akaziweka kwenye kompyuta ya dukani, zikawa zinaonyeshwa kutwa. Shida ikawa filamu ni ndefu na vichwa vya watu ni vidogo. Mtu amekaa, mfalme ndiyo kwanza anavaa viatu, na kichwa kimeshakwisha. Wengine waligoma kubanduka kitini. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alinyolewa asubuhi akakaa palepale mpaka jua likaanza kupoa, eti anasubiri kuona jitu la kwanza litaangukaje, na wenye vichwa vyao wamenuna kwenye benchi.

Fupisha akaona isiwe tabu. Akamwomba binti yake, ambaye kompyuta anazijua vizuri, amfundishe kukata na kuunga picha. Akazinyoa filamu zote nne mpaka zikabaki na urefu wa kichwa kimoja pamoja na ndevu zake. Mfalme anatoka, anapigana, anarudi, jua linachomoza, mteja anafutwa shingo na kusimama. Vipande alivyovikata hakujua vinafutwaje, basi akavirundika kwenye folda moja, akaiita Takataka.

Kazi ilitia fora. Watu walikuja kunyoa nywele ambazo hazijaota. Walimsifu mpaka kichwa kikamvimba, akatengeneza na toleo la wenye vipara, na jingine la wanaochonga ndevu tu, ambalo ni kulipiga jitu la mwisho na kila mtu kwenda zake.

Siku moja fundi viatu, shingo imefungwa kitambaa, akauliza, "Lakini fundi, huyu mfalme kwa nini hakuoa?"

"Nani kakwambia hakuoa?"

"Mke yuko wapi? Nimeitazama mpaka naiota, mwanamke sijamwona. Mtu mzima, mfalme, hana hata wa kumuuliza kama amekula? Halafu pale mwisho, giza totoro, njia ya nyumbani anaijuaje?"

"Si mfalme yule? Anajua tu."

"Wapi! Yule ni kapera, na amepotea."

Benchi zima likavunjika mbavu, na Fupisha naye akacheka. Upande wa pili wa ubao hakucheka mtu.

Ukweli ni kwamba mfalme alikuwa na mke, na mke huyo ana sehemu kubwa tu kwenye hadithi. Lakini wakati wa kukata, kila malkia alipotokea Fupisha alipeleka mbele bila kutazama, akakata, akatupa. Alijiambia mwanamke huyu haisogezi hadithi, akawahi vita.

Jioni ile alikuwa anafagia nywele sakafuni mkewe alipozunguka ubao, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili.

"Baba watoto, nina neno."

"Fupisha, mama."

Hapo ndipo alipokoroga. Mkewe akafupisha kweli.

"Nahama. Nimepata chumba kule jengo jipya. Mwisho wa mwezi natoa vitu vyangu."

"Unahama nyumbani?"

"Nahama hapa. Nyumbani sisi tunalala tu, hapa ndipo tulipokuwa tunaishi. Tulianza na kiti kimoja, tunapokezana, tunaongea wee mpaka wateja wanatuomba tuwahudumie. Siku hizi nikifungua mdomo naambiwa nifupishe. Nimefupisha mpaka nimekwisha. Hata mfalme wako umemnyima mke."

Maneno yalimjaa Fupisha kifuani. Alitaka kusema kwamba anaifungua mashine asubuhi kwa sababu anaisikia sauti yake nyuma ya ubao, na kwamba akienda yeye, duka litabaki kuwa kioo na viti. Akafungua mdomo. Kikatoka kitu kimoja.

"Sawa."

Sawa! Ningekuwepo ningempokonya ule ufagio nikampiga nao.

Tangu siku hiyo alinyoa kama mgonjwa. Mwezi ulikuwa unakwenda, na kila alipopiga moyo konde azungumze, ulimi uligoma. Na kule upande wa pili kukazuka mambo. Wanawake waliokuja kusukwa, ambao kwa kawaida hupiga soga mpaka unatamani kuziba masikio, wakawa kimya kama maji mtungini. Mara kicheko, mara mtu anavuta kamasi, kisha kimya tena. Siku mbili kabla mwezi haujaisha, uvumilivu ukamshinda. Akapanda juu ya kiti chake akachungulia.

Kompyuta ndogo ya binti yake ilikuwa juu ya kigoda. Ndani yake mwanamke wa makamo, mwenye taji, alikuwa akitia mafuta kwenye taa.

"Hiyo filamu gani?"

"Yako," mkewe alijibu bila kuinua macho. "Takataka zako. Tumeziunga, mimi na binti yako."

"Kaka, tunyamazie," alisema muuguzi aliyekuwa anasukwa. "Malkia ana kazi hapa."

Fupisha akashuka, akazunguka ubao, akaingia. Mkewe akamzuia kwa kitana. "Huku wanatazama wanaosukwa tu."

Akajipapasa kipara, wanawake wakaanza kucheka. Kisha akavuta kigoda cha pili, akakaa, akainua kidevu.

"Basi suka."

Walicheka mpaka muuguzi akashika mbavu. Mkewe hakucheka, ila alimwacha muuguzi apumzike, akakishika kile kishungi. "Ndevu zenyewe hizi. Zikiisha, unatoka."

Akakaa kwa adabu, akatazama. Dunia ilikuwa gizani, jua limeibwa, na malkia alipanda ngazi kila siku kuwasha taa kwenye dirisha la juu kabisa. Watu walimwambia mumeo amekufa, tunza mafuta. Akatia mafuta. Wakamwita mwehu. Akatia mafuta. Na mbali huko, juu ya mlima mweusi, mzee mmoja aliyechoka akageuza kichwa akaona kijimwanga kidogo kama punje. Kumbe ndivyo alivyoijua njia.

Machozi yalimshuka Fupisha mpaka kwenye vidole vya mkewe. Aliona kishungi kinakaribia kwisha, akaogopa hasa.

"Usihame," akasema.

"Ongeza."

"Usihame, mama watoto."

"Ongeza. Huku kwangu tunaongeza."

"Fundi!" fundi viatu aliita kutoka upande wa pili. "Kuna watu huku!"

Fupisha akaanza tangu siku waliponunua kile kiti cha kwanza wakakibeba wawili barabarani, yeye mbele mkewe nyuma. Alisimulia vibaya. Alirudia, alipotea, akakumbuka paa lililovuja akarudi kwenye kiti, akaeleza kuhusu sauti yake asubuhi nyuma ya ubao. Muuguzi aliizima filamu. Mkewe alifika mwisho wa kishungi, akakishika hapo kwa kidole na gumba, akamsikiliza. Kisha akanyoosha mkono wa pili ukutani, akatoa fungu la nywele za bandia kwenye msumari, akaliunga kwenye ndevu zake, akaendelea kusuka.