Taa Iliyowaka Mchana

Kila waziri wa fedha aliposoma bajeti, Dorca Amolo alizima redio kabla hotuba haijaisha. Alijua dizeli itapanda, na ikipanda, wanawake wa soko lao dogo nje ya Awasi watamtazama kana kwamba ni yeye aliyeificha. Mashine yake ya kusaga unga ilikuwa ya pekee pale, na ilikunywa dizeli kama ng'ombe wa kiangazi aliyeona mto.

Mwaka wa 1988 nguzo za stima zilisimikwa hadi mlangoni pake. Moja ilipangiwa kusimama katikati ya shamba lake la njugu. Kinyua, msimamizi wa vibarua, alimbembeleza: "Mama, ng'oa tu hizo njugu. Krismasi utasaga na stima."

Krismasi ikaja, nyingine ikafuata. Nyaya zilivutwa, transfoma haikuonekana. Mara pesa zimeisha, mara mkandarasi amebadilishwa, mara subirini. Ndege wakajenga viota juu ya nguzo. Dorca akapanda njugu tena, akipalilia kuzunguka ile nguzo huku akisonya.

Mwaka wa 1992, uchaguzi ukibisha hodi, chifu Oketch alimjia akiwa na kofia mkononi.

"Mama, kesho kutwa mheshimiwa anakuja kufungua stima."

"Stima gani?"

"Hii yetu."

"Iko wapi?"

Chifu akakohoa. Transfoma bado, akasema, lakini sherehe haiwezi kuahirishwa. Dainamo ya kuazima ilikuwa imepatikana. Ikifungwa mkanda kwenye injini ya Dorca, ingewasha taa moja, muda wa kupiga picha tu.

"Kwa hivyo injini yangu ndiyo itakuwa serikali?"

"Usiseme hivyo, Mama. Tusaidie, na transfoma ikifika tutaanzia kwako."

Dorca alimgeukia Zadock, mumewe, aliyekuwa akishona gunia. Zadock akainua mabega. Dorca akakubali. Mgongo wake ulikuwa umechoka kuviringisha mapipa ya dizeli.

Siku hiyo injini ilinguruma nyuma ya turubai. Mheshimiwa akabonyeza swichi, taa ikawaka jua likiwa utosini, na soko zima likalipuka kwa vigelegele. Dorca mwenyewe machozi yalimlenga, ingawa alijua kila kitu, na hilo lilimuudhi zaidi. Msafara ulipoondoka, dainamo iliondoka nao.

Alingoja mwaka, akangoja mwingine. Chifu akawa akimwona kwa mbali anabadili njia. Mwishowe Dorca akavaa viatu vya kanisani, akaenda Kisumu kwenye ofisi ya mradi wa stima.

"Soko lenu lina stima," karani alimwambia. "Ilifunguliwa rasmi. Transfoma yenu ilipewa watu ambao hawana."

"Ile ilikuwa injini yangu!"

"Mama, mimi mwenyewe niliona picha gazetini. Taa ilikuwa inawaka."

Dorca alitoka bila kuaga. Kwenye baraza lililofuata alisimama kabla chifu hajamaliza salamu.

"Mzee, waambie hawa watu nani aliwasha ile taa. Waambie, ama nitawaambia mimi."

Chifu akainamia viatu vyake. Basi Dorca akasimulia mwenyewe, hadi vigelegele na machozi. Watu walicheka kwanza. Halafu kicheko kikakauka, na mama mmoja muuza dagaa wa omena, Seline, akauliza, "Kama sisi tuna stima, mbona tusiende watusagie huko ofisini kwao?"

Wakaenda. Wanawake wa soko zima waliketi mlangoni pa ile ofisi wakiwa na mahindi ndani ya magunia, wakimwomba kila aliyepita awasagie kwa stima yao. Walifukuzwa, wakarudi wiki iliyofuata. Mkubwa wa ofisi alikuwa akiruka magunia kufikia meza yake. Alichoka kabla yao: transfoma ililetwa mwaka wa 1997, tena bila hotuba. Dorca akanunua mota ya stima, akaisogeza injini ya dizeli pembeni, akapumua.

Haikudumu. Miaka miwili baadaye mvua ziligoma, mabwawa yakashuka, na stima ikaanza kugawiwa kwa zamu. Zamu ya giza ikaangukia mchana, saa za kusaga. Na bei ya stima ilipanda vilevile.

"Sasa tufanye nini, Mama?" Seline aliuliza, karai la mahindi kichwani.

"Nitukane nani?" Dorca akamjibu. "Wa dizeli, wa stima, ama wa mvua? Tua karai. Zadock, leta hendeli, tuamshe ile injini."